Karata ya Kofiani

Mtu mmoja, Kajiru jina lake, alikuwa na shamba la tangawizi kwenye mteremko wa mlima, na mke aitwaye Nakiete, na zamu za maji zilizomtosha. Nasema zilizomtosha, na neno hilo mliweke akilini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuliweka.

Huko kwao mvua hukatika mapema, na zikishakatika watu wote huishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na babu zao juu ya mashamba. Usiku hujaa maji ya kijito, na alfajiri mtu mmoja huchomoa kizibo cha gogo, huita jina kwa sauti, na mwenye jina huyapokea maji katika mfereji wake mpaka yaishe. Kesho yake huitwa jina jingine. Hakuna mwenye maji huko, kuna mwenye zamu tu. Kila mwaka kabla kiangazi hakijashika, zamu hugawiwa nyumba zote sawa kwa sawa, na mambo yangeishia hapo kama watu wangekuwa watu wa kuridhika.

Akaja mwenzao mmoja aliyekuwa mpishi huko mbali, kwenye machimbo, akarudi nyumbani na pakiti ya karata na mchezo uitwao poka. Nusu ya mchezo alikuwa ameusahau njiani. Alichokumbuka aliwafundisha, na alichosahau alikitunga, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua, wote wakakubali kwamba poka ndivyo ilivyo. Wakaanza kuicheza mara moja kwa mwaka, katika ghala la zamani la kahawa, siku baada ya zamu kugawiwa. Hawakucheza kwa fedha. Walicheza kwa punje za maharage, na kila punje ilikuwa zamu moja ya maji.

Katika poka yao mtu haishiki karata yake. Mgawaji, naye ndiye yule mpishi, humpitia kila mchezaji na kuichomeka karata moja kwenye utepe wa kofia yake, uso wake ukiwa nje. Hapo kila mmoja huziona karata za wenzake wote, ila ya kwake haioni. Huweka punje kati, kisha mgawaji huuliza kwa zamu, unakaa au unatoka. Anayetoka huziacha punje alizoweka. Wanaokaa hulinganishwa, na mwenye karata kubwa huzoa zote. Kuitaja karata ya mwenzako ni mwiko, na atakayeitaja hatakaribishwa tena ghalani. Kwa hiyo watu wazima, wenye wake na wajukuu, huketi kimya wakitazamana vipaji vya nyuso, kila mmoja akijua habari za wote isipokuwa zake mwenyewe. Sijui kama yule mpishi alielewa alichokitunga. Labda alielewa.

Mwanzoni Kajiru alishindwa kama wengine. Kisha akagundua kitu ambacho wenzake walikuwa hawajakigundua. Aligundua kwamba karata yake ilikuwa imeandikwa, na imeandikwa pale mbele yake, kwenye nyuso zao. Jirani akikutazama kofiani na uso wake ukakunjuka, una karata ndogo, toka upesi. Akikutazama na uso ukaingia giza, una karata kubwa, kaa. Tangu siku hiyo akawa anashinda. Si sana, zamu mbili tatu kwa mwaka, na tangawizi yake ikanenepa, na watu wakasema Kajiru ana bahati.

Lakini tazameni alichokuwa anajifunza. Kila mwaka alikaa kutwa nzima akitafuta huzuni katika nyuso za majirani zake, na kila alipoiona, moyo wake ukafurahi. Mwanzo alifurahi kwa sababu ya karata. Baadaye hakujua tena kwa sababu ya nini.

Mwaka ninaousimulia, Nakiete alizifunga punje za nyumba yao katika mafundo mawili ya kitambaa. Fundo moja lilikuwa dogo, la kuchezea. Jingine lilikuwa la tangawizi na la mboga na la maisha yao yote ya kiangazi. Akamwambia mumewe, "Baba Eliamu, hilo kubwa libaki hapa ndani." Naye Kajiru akaitikia, tena kwa moyo mweupe kabisa. Kisha alipokuwa akivaa koti alilitia mfukoni, si kwa kulicheza, alijiambia, bali kwa kulishika tu, mtu asikie uzito wake akiwa katikati ya watu. Ndivyo wengi wetu tunavyoondoka nyumbani.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na kukataa kuondoka. Uliingia ghalani kwa nyufa za mbao, ukalala sakafuni, ukapanda mpaka magotini kwa wachezaji, hata mtu angedhani watu wale wameketi juu ya wingu. Harufu ya kahawa ya miaka iliyopita ilikuwa bado imo katika kuta.  Karata zilikaa juu ya vichwa vyao na kung'aa kidogo katika ule weupe, hapa malkia juu ya fundi viatu, pale tisa ya shupaza juu ya mwalimu wa kwaya, na Kajiru alipozitazama alijiona kama mtu anayeota huku akijua anaota, na hataki kuamshwa.

Alishinda mzunguko wa kwanza, akashinda na wa pili. Nyuso ziliingia giza mbele yake moja baada ya nyingine, naye akakaa. Zilipokunjuka akatoka. Haikumchosha hata kidogo. Wenzake walisimama mmoja mmoja na kwenda kuegemea ukutani, kila mtu na zile zamu chache alizookoa, na mchana ulipogeuka wakawa wamebaki wawili mezani, Kajiru na Namkunda.

Huyu Namkunda alikuwa mjane. Marehemu mumewe na Kajiru walikuwa wameuchimba mfereji mmoja bega kwa bega, ule unaopita shamba la tangawizi na kushuka mpaka kwenye kabichi za Namkunda, kwani mashamba yao yanapakana, la Kajiru juu na la mjane chini. Mume alipokufa, Namkunda alikuja kuketi kwenye kiti chake ghalani, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia. Hakuwa na kofia. Karata yake ilichomekwa kwenye kilemba cha kitenge. Alicheza taratibu, kama mtu anayechagua mchele, bila haraka na bila hamu, naye Kajiru hakuwahi kumwogopa.

Mzunguko wa mwisho una sheria yake. Wawili wanaobaki huweka kati kila kitu walicho nacho, kabla karata hazijagawiwa. Halafu karata huchomekwa, na kila mmoja huulizwa mara moja tu. Anayetoka huachiwa zamu moja, ile ya mwisho kabisa ya kiangazi, wakati ndiva imebaki matope na vyura. Wanaiita zamu ya mkia. Lakini anayekaa na kushindwa hapewi hata hiyo, hurudi nyumbani mkavu. Na wakikaa wote wawili, karata kubwa inachukua yote.

Kajiru alisukuma kati punje alizoshinda. Mkono wake ukaingia mfukoni. Naapa hakuutuma, au alijiapia hivyo baadaye. Lile fundo la pili lilikuwa limepata joto la mwili wake, na lilipofunguliwa punje zilimwagika mezani kwa sauti ndogo laini, na katika ukungu ule zilionekana nyingi kuliko zilivyokuwa. Kila kitu walicho nacho, ndivyo sheria ilivyosema. Alijiona mtu mwaminifu kwa sheria.

Namkunda aliziangalia punje zile. Alilitambua lile fundo, maana kitambaa chake kilikuwa kipande cha gauni la Nakiete ambalo alikuwa akiliona kwenye misa miaka mingi.  Naye akazisukuma za kwake.

Mgawaji akapita. Alimchomeka Kajiru karata, kisha akamchomeka Namkunda.

Kajiru akainua macho, na pale juu ya kilemba cha mjane akamwona mfalme. Mfalme wa pau, mwenye ndevu na upanga, ametulia kama aliyezaliwa hapo.  Mfalme hashindwi na karata yoyote isipokuwa ree, na ree ziko nne tu katika pakiti nzima. Akili yake ikamwambia toka, uchukue zamu ya mkia, urudi kwa mkeo na kitu. Lakini hakuwa mtu wa kusikiliza akili tena. Alikuwa mtu wa kusoma nyuso. Basi akaushusha mtazamo wake kutoka kwa mfalme, akamtazama Namkunda usoni.

Na uso wa Namkunda ulikuwa umeingia giza.

Halikuwa giza la kawaida. Macho yake yalikwenda kwenye kofia ya Kajiru, yakashuka kwenye zile punje zilizotoka katika kile kitambaa, yakapanda tena kofiani, na yakalowa. Katika miaka yote ya kucheza, Kajiru hakuwahi kuona huzuni kubwa kiasi hicho katika uso wa mtu, na moyo wake ukapaa. Akajua ana ree. Aliijua hata rangi yake, akaiona ndani ya kichwa, ree ya kopa, nyekundu, peke yake katikati ya weupe.

"Unakaa au unatoka?" mgawaji akamuuliza.

"Nakaa," akasema Kajiru.

Mgawaji akamgeukia Namkunda. Wale wa ukutani wakaacha kuegemea. Kisha mjane akasema, "Natoka." Akaitoa karata kwenye kilemba, akaiweka mezani bila kuitazama, akachukua punje moja, ile ya mkia, akaifunga kwenye pembe ya khanga yake. Alipompita Kajiru alisimama kidogo. "Nisalimie Nakiete, shemeji," akasema, na ukungu wa mlangoni ukampokea.

Wale wa ukutani walitazamana. Hakuna aliyepiga makofi. Karata isiyolinganishwa haitajwi, na ndiyo sheria, nao waliishika sheria. Ipo desturi pia kwamba mshindi haruhusiwi kuivua karata yake ya mwisho. Huenda nayo nyumbani kichwani, na mtu wa nyumba yake ndiye humvua. Wanasema mtu asijisomee ushindi wake mwenyewe. Kajiru akazikusanya punje zote, akatoka nje, amevaa asichokijua.

Safari ya kurudi ilikuwa tamu mno. Miguu yake haikuona njia kwa ukungu na haikuihitaji. Migomba ilimtokea, ikampisha. Mahali fulani chini yake maji ya kijito yalikuwa yanashuka kuelekea kwenye ndiva, akayasikiliza kama mtu anayesikiliza mali yake ikiongea. Aliona tangawizi ikiwa ya kijani kiangazi kizima. Akaona mabati mapya, na Nakiete akicheka mlangoni. Njiani alikutana na watu, mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe, wazee wawili kwenye daraja, na kila aliyekutana naye aliitazama kofia yake, akaacha kutabasamu, akampa salamu ya chini chini na kupita. Na kila uso ulipoingia giza, Kajiru aliongeza mwendo kwa furaha. Alijiambia wivu ni ugonjwa wa mlima mzima.

Nakiete alikuwa uani anachambua mbegu za tangawizi juu ya gunia. Alimsikia kabla hajamwona, akainuka kumpokea, akajifuta mikono. Akamtazama usoni, akapandisha macho kofiani. Uso wake ukaingia giza.

Na moyo wa Kajiru ukafurahi.

Ulifurahi kwa mazoea, wenyewe, kabla hajauzuia. Alimwona mke wake amehuzunika, na ndani yake kitu kikaruka kwa shangwe na kusema, una karata kubwa, kaa. Kisha akagundua ni uso wa nani aliokuwa akiushangilia, na akaogopa. Sijui namna ya kuieleza hofu ile. Alisimama uani kwake mwenyewe, mchana, na punje zote mfukoni, na akaogopa kama mtu aliyeamka na kukuta amelala ukingoni mwa korongo.

"Mama Eliamu," akasema, "mbona hivyo?"

"Mwenzako wa mwisho alikuwa nani?"

"Namkunda."

"Alikuwa na karata gani?"

"Mfalme."

"Na lile fundo kubwa nililolikosa ndani, lilikuwa mezani?"

Kajiru akaufunika mfuko wa koti kwa mkono. Hilo lilitosha. Nakiete akainua mkono, akaichomoa karata kwenye utepe wa kofia, akaigeuza na kumwekea kiganjani. Ilikuwa mbili ya uru. Hakuna karata ndogo kuliko mbili. Kila mtu ghalani alikuwa ameiona, na wale wazee darajani, na mama wa majani.

"Maji haya hukuyashinda, mume wangu," akasema Nakiete. "Umepewa."

Akarudi kwenye gunia lake, akaendelea kuchambua mbegu, maana bado zilikuwa nyingi na kazi haingojei mtu aliyepigwa na butwaa. Kajiru alibaki amesimama. Aliuona tena uso wa Namkunda katika ule weupe, macho yakienda kofiani, yakishuka kwenye kitambaa cha gauni la Nakiete, yakipanda. Alikuwa ameusoma uso ule vizuri, hakukosea herufi hata moja. Huzuni ilikuwapo. Alichokosea ni kudhani kwamba mtu huhuzunika kwa ajili yake mwenyewe tu. Namkunda alikuwa na mfalme, na ingawa hakumwona, aliiona ile mbili, akajua hawezi kushindwa. Angesema "nakaa," angeondoka na maji yote, na nyumba ya Kajiru ingebaki haina hata matope ya mkia. Aliwahurumia waliokuwa ndani ya lile fundo, akachukua mkia yeye.

Halafu, polepole, zikaanza kumrudia na nyuso nyingine. Za mwaka uliopita, za mwaka juzi. Yule fundi viatu aliyetoka akiwa na malkia. Mwalimu wa kwaya aliyekunja uso, akajitoa, siku chache baada ya mtoto wao Eliamu kulazwa hospitali. Kajiru alijaribu kukumbuka ni katika mizunguko ipi alikuwa na karata kubwa kweli, na hakuweza kujua, kwa kuwa nyingi hazikulinganishwa kamwe. Pengine alikuwa na bahati kidogo. Pengine kwa miaka yote ile alikuwa amebebwa na watu ambao alishangilia huzuni yao. Akaketi chini pale pale uani, juu ya udongo, na akalia, na Nakiete hakumkataza.

Alfajiri iliyofuata alipanda kwenye ndiva. Mshindi ndiye huchomoa kizibo tangu siku ya kwanza na kuita jina, na kwa haki ya mchezo jina la kuitwa lilikuwa la kwake, siku hiyo na siku nyingi baada yake. Kofia aliiacha nyumbani. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji hata haikujulikana maji yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi, na huko chini, asikowaona, watu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye shamba lake na jembe mkononi, wakingoja kusikia wanachokijua tayari. Alikishika kizibo. Kilikuwa kizito, kimevimba kwa maji. Akakichomoa, na maji yakaanza kunguruma gizani mwa mfereji, na akafungua kinywa.

Akaita, "Namkunda!"

 Akadhani hakusikiwa, akaita tena. Ndipo kutoka chini ya ukungu, mbali, sauti ya mwanamke ikajibu, "Nimesikia, shemeji," na mara jembe likasikika likifungua udongo.

Kesho yake aliita jina lake mwenyewe, maana tangawizi nayo ilikuwa na kiu, na mke wake pia ana haki ya kula. Keshokutwa akamwita fundi viatu. Hakuwa malaika. Alikuwa mtu aliyevuliwa karata.

Nanyi mlioketi hapa leo, mliokuja kunisikiliza mkiwa mmevaa nguo nzuri na majina mazuri, na kila mmoja ana kitu kofiani ambacho wenzake wote wanakiona, nawauliza neno moja tu: ni huruma ya nani uliyoihesabu kuwa ushindi wako?